Spika Nyingi, Amplifaya Moja

Nyuma ya amplifaya ya nyumbani kuna matundu ya kuchomekea waya, mekundu na meusi, na pembeni yake maandishi madogo yanayotaja omu: 4 hadi 16, au 8 na kuendelea. Wengi hutazama wati. Fundi anayeijua kazi yake huanza na omu, tena kabla hajamenya waya.

Omu ni kipimo cha ukinzani, chenye jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Volti zikibaki zilezile, ukinzani ukipungua nusu, mkondo huongezeka maradufu. Volti 20 zikiingia kwenye spika ya omu 8 hupitisha ampea 2.5, sawa na wati 50. Spika ya pili ikiungwa sambamba na hiyo, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, upande huo wa amplifaya hubaki na omu 4 na kudaiwa ampea 5. Ya tatu huzishusha hadi 2.7, ya nne hadi 2. Mtu hudhani spika zikiwa nyingi zitasaidiana mzigo. Kumbe kila moja ni bomba jingine lililofunguliwa kwenye tangi lilelile. Transista za kutolea sauti huchemka, fyuzi hukatika, na isipokatika, harufu hutangulia moshi.

Kuunga kwa mfuatano ni kinyume chake: 8 na 8 huwa 16. Amplifaya hupumzika, ila sauti hupungua, na waya mmoja ukichomoka zote mbili hunyamaza. Uzuri wa ufundi huu uko pale njia mbili zinapokutanishwa. Spika nne za omu 8 hufungwa mbilimbili kwa mfuatano, kila jozi omu 16, kisha jozi hizo huwekwa sambamba, na jumla hurudi 8 ileile. Spika zimekuwa nne, na amplifaya haina habari. Sharti ziwe za aina moja, maana ukinzani wa spika hupanda na kushuka kufuata muziki, na zisizofanana huvurugiana sauti.

Kibandiko cha omu nyuma ya spika kikiwa kimebanduka, mita husaidia. Spika ya omu 8 husomeka kama 6 hivi, wala hiyo si kasoro: mita hupima waya wa koili tu, spika ikiwa imetulia.

Makosa ya nyekundu na nyeusi hayaunguzi kitu, na ndiyo maana hudumu miaka. Spika moja ikisukuma hewa mwenzake huvuta, na besi hupotea kwa aliyekaa katikati. Betri ya tochi ya volti 1.5 humaliza ubishi: chanya ikigusishwa kwenye nyekundu, karatasi ya spika huruka mbele kidogo, ikirudi nyuma, waya zimepishana mahali.

Waya nao huhesabiwa. Shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi, ina kama omu 0.23. Mbele ya omu 8 ni kitu kidogo. Mbele ya 2 ni zaidi ya sehemu ya kumi.

Baada ya hapo muziki huachwa ucheze nusu saa kwa sauti ya kawaida, kisha kiganja huwekwa juu ya kifuniko cha amplifaya. Kikivumilia joto bila kuondolewa haraka, hesabu ilikuwa sahihi.