Majivuno na Chawa: Namna Mbili za Kumcheka Mpambe

Kila utawala una mpambe wake. Namzungumzia yule anayeitwa mchambuzi na kupewa kipaza sauti, lakini ambaye jibu lake hujulikana kabla ya swali kuulizwa. Mwulize kuhusu foleni ya petroli, atakueleza kwamba foleni ni ushahidi kuwa wananchi wamenunua magari. Mwulize sukari imekwenda wapi, atakukumbusha kwamba madaktari wanaikataza. Kwake yeye, jambo la zamani ni jema kwa sababu ni la zamani, na jambo jipya ni la mabeberu. Sisi tunaopenda mabadiliko tunamhitaji sana mtu huyu. Bila yeye tungecheka nini?

Swali la insha hii ni namna ya kumcheka. Nitalinganisha kejeli mbili za Kiswahili. Ya kwanza ni ya Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Ya pili ni ya mitaani na ya simu za mkononi, inayomwita mpambe "chawa". Dai langu ni kwamba kejeli ya kwanza inampunguzia mpambe nguvu, na ya pili, pamoja na utamu wake, inamwacha alivyo. Tena hapa kwetu Burundi kejeli hii ya pili ina hatari ambayo huenda msemaji wake hakuifikiria.

Nianze na chawa, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi na wenzangu. Muyinga ni jirani wa Tanzania, na katika mpaka wa Kobero maneno huvuka pamoja na malori, bila kulipa ushuru. Mtu aliyekulia Muyinga akija Gitega kusoma huja na msamiati wa siasa za Tanzania kichwani: mpambe, mkereketwa, na siku hizi chawa. Taswira yenyewe ni nzuri, lazima tukubali. Chawa hukaa mwilini mwa mwenyewe, hunyonya pale pale anapolala, na mwenye mwili akihama, chawa naye amehama. Hana makao yake mwenyewe wala safari yake mwenyewe. Kwa neno moja tu, msemaji amechora uhusiano mzima kati ya mkubwa na msifiaji wake.

Kwa sisi wasemaji wa Kirundi, utani huo una ladha ya ziada. Chawa kwa Kirundi ni inda. Tumbo nalo ni inda. Maneno hayo mawili huandikwa sawasawa, na sauti peke yake ndiyo huyatenganisha. Mtu mwenye tamaa tunamwambia ana inda nini, yaani tumbo kubwa. Kwa hiyo Mrundi anaposikia kwamba fulani ni chawa wa fulani, masikio yake husikia mdudu na tumbo kwa wakati mmoja. Ni kama vile lugha yetu ilikwisha kufanya uchambuzi wa kisiasa kabla ya vyama kuundwa.

Hata hivyo, kejeli hupimwa kwa matokeo yake, na hapa chawa anaanza kushindwa. Huko Tanzania wapo waliolipokea jina hilo kwa fahari. Wamejiita chawa wao wenyewe, hadharani, wakimtaja na mkubwa wanayemsifia. Jambo hili linastahili kutazamwa vizuri na sisi tunaosoma fasihi. Kejeli inategemea aibu. Mtu akilivaa tusi kama sare ya kazi, mwiba wake umekwisha kung'olewa, na anayeendelea kumwita chawa anamsaidia kujitangaza. Hakuna aliyeacha upambe kwa sababu ameitwa chawa. Labda wapo walioanza, baada ya kuona kwamba chawa hupanda magari mazuri.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu eneo letu. Chawa ni mdudu, na mdudu hajadiliwi. Hukandamizwa kati ya kucha mbili, na hakuna anayemuuliza alikuwa na maoni gani. Katika nchi nyingine hili linaweza kuwa neno tu. Sisi tunaishi karibu mno na mfano wa Rwanda. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Kigali mwaka 1993, haikupendwa kwa sababu ya hotuba ndefu. Ilipendwa kwa muziki wake na kwa utani wa watangazaji wake. Wasikilizaji walicheka. Katika kicheko hicho Mtutsi aliitwa inyenzi, yaani mende, na mwaka 1994 kilichotendewa watu kilifanana na kile wanachotendewa mende. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti la Kangura. Katika siasa zetu wenyewe, hasa tangu mwaka 2015, limesikika neno mujeri kwa wapinzani, yaani mbwa koko asiye na mwenyewe.

Najua mtu atasema: mpambe ana nguvu, na waliouawa hawakuwa nayo, kumwita mwenye nguvu chawa si sawa na kumwita jirani mende. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini maneno hayabaki mikononi mwa aliyeyatunga. Leo chawa ni mtu anayekula na wakubwa. Kesho ni shemeji yako aliyepiga kura usivyotaka. Mtu wa mabadiliko anayekasirika akisikia mujeri, kisha akacheka akisikia chawa, anapaswa kueleza anatumia mizani gani.

Sasa tumtazame Shaaban Robert. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, na kesi inayoendeshwa humo ni ya Karama, kijana anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Nadhani Majivuno ndiye mpambe kamili wa kwanza katika riwaya ya Kiswahili. Anayo yote: cheo, sauti kubwa, na imani kwamba nchi itaanguka siku ambayo mtu wa kawaida atajua haki zake. Karama anajitetea kwa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa mbali, akaona mambo mema, akarudi kuyaeleza, akafungwa. Hapo ndipo kichekesho kilipo. Serikali inawatuma watu wakatafute maarifa, kisha inawaadhibu kwa kuyapata. Mwandishi hana haja ya kumtukana Majivuno. Anamwacha asikilize hesabu ya kazi yake mwenyewe, mara sita.

Tuangalie jina. Majivuno ni tabia. Si ukoo, si kabila, si chama, wala si mdudu. Mtu yeyote anaweza kuwa nayo, na yeyote anaweza kuiacha. Ndiyo maana msomaji hawezi kumcheka Majivuno kwa usalama mkubwa. Katikati ya kicheko anajiuliza kama hakuna Majivuno kidogo nyumbani kwake, darasani kwake, hata katika chama anachokipenda. Na ndiyo maana sijamsikia mtu aliyejiita Majivuno kwa fahari. Aibu ya jina hilo haijaisha tangu mwaka 1951. Tukumbuke pia kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Tanganyika. Alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Alichagua kejeli ambayo mkoloni angeweza kuisoma bila kujua pa kuishika.

Euphrase Kezilahabi alifanya jambo linalofanana katika tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyoandikwa miaka ya 1970 na kuchapishwa mwaka 1999. Kiongozi wake amevaa kaptula iliyoshonwa kwa kiuno cha mtu mwingine, na anaongoza nchi huku ikimpwaya. Mavazi ni kejeli ya haki kwa sababu ya jambo moja dogo: kaptula huvuliwa. Aliyevaa vibaya anaweza kubadilisha nguo akabaki mtu. Chawa hana cha kuvua.

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea njia ya Majivuno. Inatulazimisha kutofautisha watu ambao chawa huwachanganya. Hapa Gitega wapo wazee wanaosema, "Acheni mambo yalivyo." Mzee wa namna hiyo aliona mwaka 1993: uchaguzi wa vyama vingi mwezi Juni, Rais Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba, kisha vita vya miaka mingi. Anaposhikilia yaliyopo, anashikilia usingizi wa wajukuu wake. Sikubaliani naye, lakini hana sahani ya kulinda. Mpambe wa redioni naye husema maneno yale yale, amani, utulivu, umoja, ila yeye ana sahani. Kejeli nzuri lazima iweze kumgusa wa pili bila kumpiga wa kwanza. Ukimwita mzee huyo chawa, umempoteza yeye, na umempa mpambe mtu wa kujificha nyuma yake.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo yote haya ni anasa, kwamba katika nchi yetu ni afadhali kutocheka kabisa. Hofu yao haikutoka hewani. Mwezi Machi 2019, huko Kirundo, karibu na Muyinga, wasichana wa shule walikamatwa kwa tuhuma za kuchorachora picha ya Rais iliyomo katika vitabu vyao, na baadaye wakaachiwa. Labda ndiyo sababu tunapenda kuwacheka wapambe wa Tanzania kuliko wa kwetu: kicheko cha ng'ambo ya Kobero ni cha bei nafuu. Lakini wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na Kenya inatuonyesha kwamba inawezekana kucheka hata baada ya damu. Kipindi cha vikaragosi cha XYZ kilianza mwaka 2009, baada ya machafuko ya uchaguzi yaliyoua watu zaidi ya 1,000. Kilimchora Mwai Kibaki, kikamchora na Raila Odinga. Mashabiki wa kila upande walikuwa na zamu yao ya kucheka na zamu yao ya kununa.

Zamu ya kununa ndiyo tunayoikwepa sisi watu wa mabadiliko. Tunaye mpambe wetu pia. Huyu mvua isiponyesha anataka serikali ijiuzulu; ikinyesha, anauliza kwa nini ilichelewa. Kila kitu cha Ulaya ni maendeleo, na kila mzee ni kikwazo. Ameahidi kwamba siku chama chake kitakapoingia, foleni ya petroli itaisha jioni hiyo hiyo. Mwandishi wa kejeli ambaye hawezi kumchora mtu huyu ni mpambe aliyehamia upande wa pili, na wasomaji watamjua tu.

Kwa wenzangu wanaotunga vichekesho vya jukwaani na vya magazeti ya darasa, ninalo pendekezo. Acheni wadudu. Mpeni mhusika wenu jina la tabia, kwa mfano Bwana Hakunashida, mkamweke kwenye foleni ya petroli pamoja na watu wengine, mkononi ana hotuba kuhusu wingi wa magari. Mwacheni aisome. Foleni isisogee. Mtazamaji wa chama chochote ataelewa, na Bwana Hakunashida mwenyewe, akiwa ukumbini, atakuwa na nafasi ya kucheka, kunyamaza, au kurudi nyumbani akiwaza. Chawa hakuwahi kupewa nafasi hiyo ya tatu.