Roshani Hutazamwa kwa Chini

Imekuwa desturi siku hizi: nyumba ya Mji wa Kale wa Mombasa ikishapakwa rangi na kubandikwa roshani ya saruji, watu huja na simu zao, wakapiga picha, wakasema turathi imeokolewa. Juzi nimesikia nyumba moja ya Ndia Kuu ikisifiwa mbele ya kadamnasi kuwa mfano wa kufuatwa. Roshani yake ni zege. Nguzo zimemiminwa katika kalibu moja, zote pacha, na nakshi imekatwa kwa mashine kwenye mbao laini zilizopakwa rangi ya kahawia zipate kufanana na msaji. Mwenye nyumba simlaumu, fedha ni yake. Nawalaumu waliosifu, maana walisimama hapo wameinua nyuso na hawakuona kitu.

Kwanza tuondoe porojo ya umri. Waongoza wageni wakifika Ndia Kuu huanza kuhesabu miaka 500. Msikiti wa Mandhry ni wa mwaka 1570 hivi, na Ngome ilianza kujengwa 1593. Hayo ni makongwe kweli. Ghorofa zenye roshani ni habari nyingine. Nyingi ni za miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, enzi za reli iliyoanza kujengwa hapa 1896, wakati Nairobi haijatunyang'anya makao makuu. Chini duka, juu watu. Kuta za matumbawe na chokaa, sakafu za boriti, na ndiyo sababu vyumba ni vyembamba: urefu wa boriti ndio uliokata shauri. Roshani na nakshi zake zina mkono wa mafundi wa Kihindi, wa Kachchh na Gujarat, waliofanya kazi bega kwa bega na wa hapa. Kwa hiyo anayekunja uso akiona mabati juu ya paa na kudai makuti, huyo anatafuta hoteli ya ufuoni. Mabati ya mwaka 1900 ni ya asili kuliko makuti ya juzi.

Mlango nitaupita upesi, kwa kuwa kila mtu huutazama huo. Mfaa na miimo viwe vya mti mmoja. Upapi uchongwe, usigongwe misumari. Miiba ya shaba iache Unguja. Mlango wa hapa Mvita hauihitaji, na sitaki kubishana. Nilimjua muuzaji wa vikale aliyechukua mlango mtupu wa mfenesi, akautia njumu, akausugua kwa majani ya chai na masizi, akauza kwa bei ya nyumba eti umetoka kwa liwali. Kazi ya masizi ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kizingiti kilikuwa na pembe kali kutoka mwanzo hadi mwisho. Vizazi vya watu vimepita mlangoni na hakuna hata unyayo mmoja uliolamba mti?

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe. Usisimame ng'ambo ya barabara kama wapiga picha. Nenda hadi ukutani, uupe mgongo, kisha tazama juu, chini ya sakafu ya roshani. Huko ndiko fundi husema kweli, kwa sababu hakutarajia mteja afike.

Tazama miti inayobeba sakafu. Katika kazi ya haki, miti hiyo hutoka chumbani, ikapenya ukuta, ikaja nje. Roshani ni chumba kilichojisogeza barabarani. Utaona jiwe limekatwa kuufuata mti na chokaa imeukumbatia pande zote. Katika kazi ya uongo, mti huanzia ukutani, umeshikwa na bolti, na pembeni yake kuna kiraka cha saruji chenye ufa. Kisha mhimili ulio chini yake. Uwe mzito, wa kipande kimoja, na nakshi yake ipungue pale mzigo unapozidi. Fundi anayejua hachongi maua mahali panapobeba. Ukikuta ubao mwembamba umekatwa kwa umbo la mhimili, haugusi mti wa juu, umening'inizwa tu upendeze, ondoka. Mwisho, tazama ncha ya nguzo ya pembeni inaposhuka chini ya sakafu, ikachongwa kama tumba la ua. Wengi huliita pambo. Maji ya mvua hufuata nguzo hadi kwenye tumba, yakadondokea barabarani badala ya kurudi ukutani. Roshani iliyokatwa matumba yake huoza shinani, na masika machache yanatosha.

Palikuwa na fundi mmoja mtaa wa Kuze, sasa ni marehemu, ambaye akiitwa kutengeneza roshani hakuitazama kabisa. Alipiga hodi, akapanda juu, akaomba mikeka ikunjwe, akakanyaga kwa visigino kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje huku akisikiliza. Mwenye nyumba mmoja alikasirika kwamba ameita seremala, akaletewa mtu wa kutembea. Fundi alishuka, akataja miti miwili iliyooza, na ilipofunuliwa ilikuwa hiyo hiyo. Mafundi wa leo huja na rangi.

Wakazi nao ni kipimo. Nyumba njema haifichi waliopita ndani yake. Leven House ina jina la meli ya Kapteni Owen, aliyefika 1824 Wamazrui, watawala wa mji, walipotaka himaya ya Waingereza. Baadaye Kampuni ya Imperial British East Africa ikakaa humo. Jumba la Ali's Curio liliwahi kuwa kituo cha polisi. Ndia Kuu palikuwa na kioo kilichochorwa jina la Edward St. Rose, mwenye duka la dawa. Vitu vya namna hiyo mkarabati mwenye adabu huviacha mahali pake. Barabara iliyoitwa Vasco da Gama leo ina jina la Mbarak Ali Hinawy, liwali aliyeandika kitabu cha Al-Akida na Ngome. Hapo naona barabara ilipata nafuu.

Mji wa Kale uliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1990, na bado roshani zinatoweka. Unaweza kuzihesabu zilizokufa: tafuta juu ya maduka safu ya matundu yaliyozibwa saruji, yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Kila tundu ni mti uliokatwa. Nyumba yenye matundu hayo naiheshimu kuliko ile ya zege, kwani haijadanganya mtu. Kuhusu rangi, madirisha yapakwe kijani au yaachwe na rangi ya mti. Na anayetaka kunitetea rangi ya buluu anisubiri baada ya alasiri, nikishakunywa kahawa.