Congo Inc., mimi njo nilichagua

Bandugu, watu wengi wameniuliza kwa nini kikundi chetu cha kusoma riwaya kilipumzika mwezi moja. Nilijibu ni mvua, ni barabara. Haikuwa kweli. Kosa lilikuwa kwa uchaguzi wa kitabu, na mimi njo nilichagua.

Kwa wasiojua: hapa Mpofi tunakutana mara moja kwa mwezi, siku ya Mungu, kisha ibada. Kitabu tunakuwa nacho kimoja, kinapanda na moto kutoka Goma. Basi mtu moja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Wamama wanaochambua maharagwe pembeni wanasikiliza pia. Mambo inabadilika hapo: riwaya inaweza kuwa nzuri kwa macho, ikashindwa kwa masikio.

Tulianza na Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, iliyotoka 2014. Mji wa machimbo, baa moja, wachimbaji na wanafunzi wanachukiana. Lucien anataka kuandika, Requiem anatafuta feza. Kwa wetu wenye diplome waliokwisha kushuka Bisie, hakukuwa haja ya kueleza. Na kwa sauti kitabu ile inaimba kabisa! Maneno yanarudia-rudia, orodha hazina mwisho, hata mwenye Kifaransa kidogo alicheka. Lakini kufika katikati, dada moja aliuliza: hawa wasichana wa baa, wako na mama? Wanatoka wapi? Hatukupata jibu. Wanapita, wanauliza saa, wanapita tena. Wanaume wako na historia, wanawake wako muziki ya nyuma. Kaka moja alitetea kwamba njo vile mji ule unawaona. Naona utetezi huo ni mwepesi. Kitabu ninaipenda, na swali la dada linabaki.

Mwezi uliofuata nikaleta Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane. Nayo ni ya 2014, na 2015 ilipata Prix des cinq continents de la Francophonie. Tuzo ile ilinivuta, siwezi kuficha. Tena mwanzo unachekesha: Isookanga, kijana wa msituni, anaona mnara wa simu ukisimamishwa kwao, anajifunza biashara ya dunia ndani ya mchezo wa kompyuta, anaenda Kinshasa kuifanya kweli. Anauza maji ya mifuko pamoja na Mchina. Mtu wa Walikale anaelewa haraka: mtandao unafika mbele ya barabara. Nilisoma kurasa kama makumi tano, nikasema njo hii. Sikumaliza.

Kumbe Bofane anarudi huku kwetu. Kuna Kiro Bizimungu, mkubwa wa vita wa zamani aliyepewa kiti Kinshasa, na kuna Shasha, msichana wa mtaani aliyekimbia mauaji. Yale ya Kivu yanaonyeshwa bila pazia. Yaya aliyekuwa anasoma sauti ilianza kupungua, lakini hakuna aliyemuambia asimame, hata mimi. Dada yule yule wa swali alichukua mtoto wake, akatoka. Na yeye alifika hapa kwa miguu, mwaka gani sitasema.

Sisemi Bofane alikosea. Nimerudia ile sehemu peke yangu mara tatu. Nafikiri anatuachia tucheke kurasa nyingi ili tuone aibu: utandawazi huo wa kuchekesha, nani analipa? Kwa msomaji wa Bruxelles, mahali Bofane anaishi, pigo hilo linafanya kazi. Sisi hatukuwa tumesahau. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: Shasha njo jibu la dada. Msichana wa mtaani mwenye kwao, mwenye jina, mwenye njia aliyopita. Kitabu kilichomjibu njo kilimfukuza.

Sisi wa agronomia tunajaribu mbegu kwa kipande kidogo cha shamba mpaka mavuno, mbele ya kuipa watu. Mimi nilihukumu kwa majani.

Tulipoanza tena tulisoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili 2022. Nilifikiri Kiswahili kitakuwa rahisi. Wapi! Nusu saa ya kwanza kila mstari mtu anauliza maana yake, tukawa polepole kuliko kwa Kifaransa. Lakini wamama waliacha maharagwe. Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz juu ya deni, na mtoto hajui. Mama moja akasema tu: "Baba alijua." Tukabishana juu ya neno hilo mpaka giza. Ukatili uko ndani, lakini Gurnah anakuacha ukiukaribia kwa miguu yako.

Mwezi kesho ni Petit Pays ya Gaël Faye, ya Bujumbura. Ni fupi, Kifaransa chake chepesi. Nimeisoma yote. Nilienda kwa dada nyumbani, nikamueleza mama wa yule kijana anarudi namna gani kutoka Rwanda, na ni kurasa gani. Aliniuliza kama msichana yuko ndani. Nikamuambia yuko, anaitwa Ana, ni mdogo. Amesema atakuja, lakini ataketi karibu na mlango.