Chumba cha Dhahabu na Wasiokuwamo
Hoteli ya Mount Washington, iliyofunguliwa mwaka 1902 huko Bretton Woods, katika milima ya New Hampshire, Marekani, husimuliwa kama kisa cha jengo lililonusurika. Mwaka 1944 ilikarabatiwa kwa haraka ili ipokee wajumbe wa mataifa 44. Humo ndimo zilimoasisiwa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Chumba cha Dhahabu, mkataba ulimotiwa saini, kimehifadhiwa hadi leo.

Kasoro ya simulizi hii ni kwamba huishia mlangoni. Afrika iliwakilishwa na Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini tu. Tanganyika na Zanzibar, zikiwa chini ya Uingereza, hazikuwa na kiti. Mwaka 1986 Marekani iliitangaza hoteli hiyo kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa. Mwaka huohuo Tanzania ilikubali masharti ya Shirika hilo, na shilingi ikashushwa thamani.

Anayekarabati hutunza kuta. Anayeandika historia ana deni jingine: kuwahesabu pia waliolipia karamu wasiyoalikwa.