Shanga Zinazotazama Upande Mmoja

Tone la butanoli, aina ya alkoholi, linadondoka kwenye naitrojeni ya kimiminika na kuganda papo hapo, likawa shanga ya milimita moja au mbili. Ndani yake yamechanganywa maji kidogo ili shanga igande kama kioo, isijipange kuwa fuwele. Tangu hapo haitakiwi kuonja joto. Hata kuhamishwa chombo, inahamishwa ikiwa baridini.

Shanga za namna hii, gramu 5 tu, zilijaza kikombe cha shabaha iliyoitwa FROST katika maabara ya Jefferson Lab, Newport News, Marekani, kwenye majaribio ya 2007 hadi 2008 na ya 2010. Kila protoni ya hidrojeni ina spini: ifikirie kama pia isiyochoka kuzunguka. Protoni ikigongwa na fotoni, itakavyojibu hutegemea spini yake imeelekea wapi. Asiyejua mwelekeo wake husikia majibu mengi kwa pamoja, kama watu wanaosema kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba protoni ni kaidi. Ziweke kwenye sumaku ya tesla 5, kwa kelvini 1, na zinazoifuata sumaku zitazizidi zinazoipinga kwa asilimia 0.5 tu. Elektroni, yenye nguvu ya sumaku zaidi ya mara 600, katika hali hiyohiyo hutii karibu zote.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa shabaha hii. Kabla butanoli haijagandishwa, huyeyusha ndani yake kemikali iitwayo TEMPO, ambayo kila molekuli yake ina elektroni moja isiyo na mwenzi; shanga zikishakuwa ndani ya sumaku, hupitisha mikrowevu za gigahezi 140 hivi. Elektroni hupinduka pamoja na protoni jirani. Elektroni hurudi upesi mahali pake, tayari kwa protoni nyingine; protoni hubaki ilivyogeuzwa. Polepole utii unaenea shanga nzima, hadi kupita asilimia 80.

Kisha mikrowevu huzimwa. Jokofu linalochanganya heliamu-3 na heliamu-4 hushusha joto hadi karibu kelvini 0.03, na kwa baridi hiyo protoni husahau taratibu mno. Sumaku kubwa, ambayo ingezuia chembe zisifike kwenye vitambuzi, huachwa nje. Koili nyembamba ya nusu tesla hivi inatosha kulinda mwelekeo, unaopungua kwa takriban asilimia 1 tu kwa siku.

Fotoni nazo zina ufundi wake. Elektroni zenye kasi hupitishwa kwenye almasi nyembamba kuliko karatasi na kutoa fotoni humo, na mpangilio wa atomi za almasi hufanya fotoni nyingi zitikisike katika ubapa mmoja. Ukiigeuza almasi kwa pembe ndogo sana, unachagua ubapa na nishati. Elektroni iliyotoa fotoni hupindishwa na sumaku na kupimwa, kama muuza duka anayejua alichouza kwa kuhesabu kilichobaki rafuni.

Lakini butanoli ina kaboni na oksijeni pia. Kati ya protoni na nyutroni 74 za molekuli yake, 10 tu ni protoni za hidrojeni, zile zilizohangaikiwa kote huku. Ndiyo maana, sentimita chache mbele ya kikombe kwenye njia ya miali, kiliwekwa kipande cha kaboni tupu, ili ijulikane ni kiasi gani cha kutoa kwenye matokeo ya butanoli.