Samunge na Swali la Pili

Mshairi anayemjibu mwenziwe hufungwa na sharti ambalo mwendesha mazungumzo wa redioni hafungwi nalo. Akina Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walipojibizana, mwenye kujibu alilazimika kulipokea neno la mwenziwe kama lilivyotamkwa, alipime, alipindue akiweza, kisha ndipo atie lake. Jibu lisiloligusa neno lililotangulia huhesabiwa kuwa shairi jingine tu. Wapenzi wa mashairi waliokuwa wakisikiliza "Malenga Wetu" ya Radio Tanzania wanafahamu ninachokisema.

Nayataja haya kwa kuwa nataka kuyapima mazungumzo ya redioni, vile vipindi vya khabari za siku, sayansi na vitabu ambavyo kwa wengi wetu ndiyo baraza iliyobaki. Kipimo changu ni swali la pili. Swali la kwanza kila mtangazaji analo, kaja nalo kwenye karatasi. La pili huzaliwa na jibu alilopewa, na asiyesikiliza hawezi kuliuliza.

Mfano ninaouchagua ni wa mwaka 2011. Samunge ni kijiji cha tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akinywesha watu kikombe cha maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga, kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Kikombe kilisifiwa kuwa kinaponya kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na UKIMWI. Wagonjwa walitoka kila pembe ya Tanzania, wakatoka Kenya na kwingineko. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, na wako waliofia njiani wakingoja zamu. Mwishoni mwa Machi Masapila mwenyewe aliwaomba watu wasitishe safari kwa siku kadhaa ili msongamano upungue.

Redio zikafungua simu. Katika vipindi nilivyovisikiliza, utaratibu ulikuwa mmoja: msikilizaji anapiga, anasema amekunywa na anajisikia mzima, mtangazaji anamshukuru Mungu pamoja naye, anakaribishwa mwingine. Je, ulipimwa kabla ya kwenda? Umepimwa tena baada ya kurudi? Na vidonge ulivyopewa hospitali unaendelea navyo? Sikuyasikia. Sisemi kwamba watangazaji wale walikuwa wavivu. Kuna adabu yetu inayokataza kumhoji mgonjwa juu ya ugonjwa wake mbele ya watu, nami naiheshimu adabu hiyo. Lakini baraza la wazee nalo lina adabu yake. Mtu akileta khabari nzito huulizwa kaipata wapi, na haonekani kuwa katukanwa.

Pale penye sayansi ndipo kimya kilipogharimu zaidi. Wataalamu wa serikali walitamka kwamba kinywaji kile hakina madhara kwa mnywaji. Neno hilo lilipotoka redioni likafika masikioni mwa wengi kama neno jingine kabisa: kwamba kinaponya. Chai nayo haina madhara. Kati ya "hakidhuru" na "kinaponya" pana masafa marefu, na kazi ya mwenye kipaza sauti ilikuwa kumsimamisha mgeni wake katikati ya masafa hayo na kumwuliza yuko upande gani. Aliyekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI akaziacha baada ya kikombe, virusi vilikuwa vikirejea mwilini mwake wakati kipindi kinaendelea. Wako walioziacha. Wataalamu nao hawana udhuru mzima: "utafiti unaendelea" ni jibu la kweli, ila mgonjwa anataka kujua afanye nini mpaka utafiti uishe, na hilo wangeweza kulisema bila ya kuulizwa.

Tena kuna jambo ambalo mpenzi wa lugha atalitambua upesi. Nchi nzima ilimwita Masapila "Babu wa Loliondo". Loliondo ni tarafa jirani. Samunge ni Sale, nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi. Kama jina la mahali lilipotea, wenyeji wangalisikikaje? Hawa ni wakulima wa mifereji, ambao kwao zamu za maji husimamiwa na baraza la wazee. Robert Gray aliwaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963. Na mti wenyewe haukushuka siku ile. Ni mtandamboo, na mizizi yake ni dawa ya kienyeji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki tangu zamani. Kipindi cha vitabu na kipindi cha sayansi vingekutana hapo bila ya kulazimishwa, lau vipindi vyetu vya vitabu visingekuwa, aghalabu, ni kusoma jalada na kumpongeza mwandishi.

Masapila alifariki Julai 2021. Upande ule wa nchi ulikwisha kupata redio ya jamii, Loliondo FM, iliyosaidiwa na UNESCO. Redio ndogo ina nafasi ambayo redio ya mji mkuu haina: mwendesha kipindi na mgeni wake hunywa maji ya mto mmoja, na kesho watakutana sokoni. Mzee wa Samunge akiketi mbele ya kipaza sauti hicho, swali la kwanza litakuwa juu ya Babu, na hapana ubaya. Ningependa kusikia la pili: kabla ya magari kuja, nyumbani kwenu mugariga mlikuwa mkiinywa kwa maradhi gani, na nani alikuwa akikwambieni kwamba yamepona?