Aliyeshindwa Kura Anapoandika Mchezo: Uhakiki wa "John Bull's Other Island" ya Bernard Shaw

Je, mtu aliyegombea uchaguzi akashindwa anaweza kuandika kejeli ya haki juu ya siasa? Wengi watasema hawezi. Watasema ana kinyongo, na kwamba huo mchezo wake ni "sizitaki mbichi hizi" iliyovalishwa nguo za jukwaani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba anaweza, lakini kwa sharti moja gumu: lazima akubali kujicheka yeye mwenyewe kabla hajamcheka aliyemshinda. Mfano wetu ni tamthiliya ya Bernard Shaw iitwayo John Bull's Other Island, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza London tarehe 1 Novemba 1904.

Kabla ya kuingia kwenye mchezo wenyewe, hapana budi tumtazame mwandishi. Najua wako wahakiki wanaotaka kazi ya fasihi isomwe peke yake kama yai lisilotagwa na kuku yeyote. Hapa watatusamehe. Shaw alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1856, na mwaka 1876 akahamia London. Mwaka 1884 alijiunga na Chama cha Fabian, kundi la wasoshalisti walioamini mabadiliko ya hatua kwa hatua. Kuanzia 1897, kwa miaka kama sita, alikuwa mjumbe wa baraza la mtaa wa St Pancras. Huko hakukuwa na ushairi. Kulikuwa na takataka, mifereji, umeme na nyumba mbovu. Mojawapo ya mambo aliyoyapigania ni vyoo vya umma vya wanawake, jambo ambalo baadhi ya wenziwe waliona haya hata kulitaja kikaoni.

Mwezi Machi 1904 akagombea Baraza la Kaunti la London. Tena aligombea kwa namna yake! Rafiki yake Beatrice Webb aliandika katika shajara yake jinsi Shaw alivyoendesha kampeni: aliwatania Waprotestanti, akawatania Wakatoliki, akawasimanga Waliberali na kuwatazama Wahafidhina kwa dharau. Yeye ambaye hakunywa pombe alitangaza kwamba angemlazimisha kila mwananchi kunywa kipimo cha ramu. Kila kundi likachukia. Akashindwa, tena vibaya. Miezi michache tu baadaye tamthiliya hii ikawa tayari.

Tuwe waangalifu hapa. Sidai kwamba kushindwa huko ndiko kulikozaa mchezo wote. Mshairi W. B. Yeats alikuwa amemwomba Shaw mchezo kwa ajili ya jukwaa la Kiayalandi, ingawa hatimaye London ndiyo iliyouona kwanza. Ninachodai ni kwamba tendo la tatu, pale wanakijiji wanapotafuta mgombea, limeandikwa na mtu aliyesimama jukwaani akaona nyuso za wapiga kura zikibadilika mbele yake. Mambo kama hayo hayapatikani maktaba.

Kwa ufupi, hadithi ni hii. Larry Doyle, Mwayalandi, na Tom Broadbent, Mwingereza, ni mainjinia walio wabia mjini London. Wanasafiri hadi Rosscullen, kijiji alikozaliwa Larry, ambako hajakanyaga kwa miaka 18. Wakati huo Ayalandi ilitawaliwa na Uingereza, na "John Bull" ni jina la utani la Mwingereza. Kisiwa chake "kingine" ndiyo hiyo Ayalandi. Wakubwa wa kijiji, yaani padri Dempsey, Corny Doyle ambaye ni baba yake Larry, mwenye kinu Barney Doran na mkulima Matt Haffigan, wamemchoka mbunge wao. Wanamwendea Larry wamtake agombee. Larry anafungua kinywa, na mambo yanaharibika hapo hapo.

Anasema nini? Anasema kweli tupu. Sheria ya mwaka 1903 ilikuwa imewawezesha wapangaji kununua mashamba kutoka kwa mabwanyenye. Matt, aliyesafisha shamba la mawe kwa mikono yake na kuteswa na mwenye ardhi, sasa ni mwenye shamba. Larry anamwambia usoni kwamba naye ameanza kuwa bwanyenye mdogo, na kwamba yeye Larry akiingia bungeni atataka sheria ya kumlipa kibarua Patsy Farrell angalau pauni moja kwa wiki. Jamani! Wazee waliokuwa wakitabasamu wananuna. Padri naye hapendezwi na maoni yake juu ya Kanisa. Baada ya dakika chache mgombea wao amekwisha kuwa mkosi wao.

Hapa ndipo ninapouona uungwana wa Shaw kama msanii. Angeweza kumfanya Larry shujaa wa kweli anayeonewa na wajinga. Hakufanya hivyo. Larry anasema kweli, lakini anaisema kwa baridi, kwa dharau, kama mtu anayetupa mfupa. Ameiacha nchi yake miaka 18, na amemwacha binti Nora Reilly akimngoja muda wote huo bila hata barua ya maana. Anawajua wanakijiji lakini hawapendi. Mtazamaji anakubaliana na hoja zake zote, na bado hatamani kumpa kura. Hii ni picha ya mgombea wa St Pancras iliyochorwa na mgombea mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba Shaw alipoiandika Rosscullen alikuwa hajarudi Ayalandi tangu 1876. Alirudi kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Kidole anachomnyooshea Larry kinamrudia mwenyewe.

Sasa tumtazame mshindi. Broadbent anaingia palepale Larry alipoteleza. Yeye anazungumzia uhuru wa Ayalandi, maendeleo, marehemu Gladstone, maneno makubwa yasiyomgusa mtu mfukoni. Hakuna anayeulizwa habari za pauni ya Patsy. Kisha anajitolea kumpeleka nguruwe wa Matt nyumbani kwa motokaa yake. Nguruwe anachachamaa ndani ya gari, gari linapenya sokoni, vyombo vinavunjika, nguruwe anakufa. Kijiji kizima kinacheka hadi mbavu kuuma. Mwandishi mwenye kinyongo angemwangusha Broadbent hapo. Lakini wapi! Larry mwenyewe anatuonya kwamba jamaa huyu hatajua kama anachekwa, na wakati wao wanacheka yeye atakuwa anakichukua kiti. Ndivyo inavyokuwa. Broadbent anapata Nora, anapata nafasi ya ubunge, na Nora anapokubali posa tu, anatakiwa aanze kuzunguka na mchumba wake kwa wapiga kura.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba Broadbent si mwongo. Anayaamini anayoyasema. Anakipenda kijiji, huku kampuni anayoiwakilisha ikikopesha watu fedha kupita thamani ya mashamba yao, ili watakaposhindwa kulipa ardhi iwe yake na pajengwe hoteli na uwanja wa gofu. Tumezoea katika tamthiliya zetu kumwona mwanasiasa mbaya kwa tumbo lake, kwa miwani yake meusi na kwa vimada wake. Mtu wa aina hiyo tunamtambua mara moja, na tukimtambua tunajiona sisi tu wema. Broadbent ni hatari zaidi kwa sababu ni mtu mwema. Shaw alijifunza St Pancras kwamba aliyemshinda hakuwa lazima jambazi. Pengine alikuwa tu mtu ambaye watu walijisikia raha mbele yake.

Na wapiga kura je? Nao hawapati msamaha. Wanamwona Broadbent kuwa mpumbavu, lakini mpumbavu mwenye fedha, basi anafaa. Msaada wa nguruwe si jambo geni kwetu. Kwetu Tanzania uliwahi kuwa na jina zuri kabisa: takrima. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba ni kinyume cha Katiba. Neno liliondoka kwenye sheria. Kama tabia nayo iliondoka, msomaji atajijibu mwenyewe kwa kukumbuka kofia na fulana alizonazo nyumbani.

Hata hivyo tamthiliya hii ina kasoro, na hatuna budi kuzisema. Kasoro ya kwanza ni Patsy Farrell. Ugomvi mzima wa tendo la tatu unahusu ujira wake, lakini yeye mwenyewe ni kijana wa kuchekesha tu, mshirikina, mbeba mizigo. Hakuna anayemuuliza anataka nini, hata Shaw hamuulizi. Msoshalisti aliyekaa miaka sita kwenye baraza la mtaa alipaswa kujua kwamba kibarua naye ana ulimi. Kasoro ya pili ni mwisho wa mchezo. Mtu pekee anayeuona wizi wote wa ardhi ni Peter Keegan, padri aliyeondolewa upadri na kuonekana mwendawazimu, ambaye pia ndiye pekee asiyecheka kifo cha nguruwe. Maneno yake ni mazito na mazuri, lakini anayamaliza kwa ndoto ya nchi isiyokuwepo, kisha anaondoka zake. Larry analalamika, Broadbent anakwenda kuchagua kiwanja cha hoteli. Ukweli umeachiwa mwendawazimu, na wanyonge hawakupata mtetezi.

Watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu kwa Wazungu wasome utangulizi. Mchezo ulipochapishwa kitabuni mwaka 1907, Shaw aliupa utangulizi aliowaandikia wanasiasa, na humo aliingiza habari ya kijiji cha Denshawai nchini Misri. Mwaka 1906 maofisa wa Kiingereza walikwenda kuwinda njiwa waliokuwa mali ya wanakijiji, ugomvi ukazuka, na mwishowe wanakijiji wanne wakanyongwa na wengine wakachapwa viboko. Kwa hiyo Shaw mwenyewe alitaka Rosscullen isomwe pamoja na Afrika. Broadbent wa kijijini anatabasamu. Huko Denshawai tunaona kilichokuwa nyuma ya tabasamu.

Linabaki suala la kicheko. Waziri Mkuu Balfour aliutazama mchezo huu zaidi ya mara moja na akaja na wanasiasa wenzake. Mwaka 1905 Mfalme Edward wa Saba naye aliuona, na inasimuliwa kwamba alicheka hadi kiti kikavunjika. Wengi husimulia kisa hiki kama sifa kwa Shaw. Mimi kinanitia mashaka. Mtawala anayecheka hadi kuvunja kiti, je, amechomwa au amekandwa mgongo?

Nauliza kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza niligombea uwakilishi wa bweni nikashindwa, nikaandika kichekesho cha nusu saa juu ya kiongozi mlafi mwenye kitambi. Wenzangu walikiigiza. Mshindi wangu alikaa mstari wa mbele, akacheka kuliko watu wote, kisha akanipa mkono na kuniuliza kama tungeweza kukirudia siku ya mkutano wake. Niliudhika sana. Niliposoma Shaw ndipo nilipogundua kosa langu: katika kichekesho kile hapakuwa na mgombea aliyeshindwa. Nilijificha nyuma ya pazia, nikamtukana mtu ambaye hakuwepo, maana mwenzangu yule hakuwa mlafi wala hakuwa na kitambi. Alikuwa anawajua watu kwa majina, na mimi sikuwajua.

Kwa kumalizia, naona Shaw amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu alilileta kosa lake mwenyewe jukwaani, akalipa jina la Larry Doyle, akaliacha lishindwe mbele ya watu. Hakufanikiwa kwa Patsy. Waandishi wetu chipukizi wanaotoka kwenye uchaguzi wakiwa na hasira na kalamu waanzie alipofika yeye, kisha wampe Patsy nafasi ya kusema. Wanaopinga uhakiki huu karibuni, uwanja ni wenu katika toleo lijalo.